Friji la Agatha Haliuzwi

Kila asubuhi Agatha alifungua friji kabla hajafungua dirisha. Alitoa madumu ya maziwa, akayafuta, akayapanga kwenye beseni, akaenda nayo kibandani kwake karibu na stendi ya Haydom. Mabasi yalileta wagonjwa wa hospitali na ndugu zao kutoka mbali. Walishuka na vumbi hadi kwenye kope. Agatha aliwauzia maziwa ya baridi na mtindi, na mara nyingi kabla ya saa sita beseni lilikuwa tupu.

Friji lile alilinunua mwenyewe, kwa maharage aliyolima mwenyewe. Mume wake, Basili, alikuwa fundi seremala mzuri. Alipiga dari katika nyumba za watu wengi pale mjini. Nyumba yake haikuwa na dari. Ilikuwa nyumba ya tofali za kuchoma, na ukiinua macho sebuleni uliona bati tupu na misumari yake. Agatha alipouliza, Basili alijibu kwamba dari ni urembo, na urembo unaweza kusubiri. Ulisubiri tangu binti yao Zita akiwa mgongoni. Sasa Zita alikuwa bweni, kidato cha pili.

Mwezi wa kumi ulipoingia, mvua zilichelewa. Mchana nyumba ile ilikuwa kama tanuri. Mama mzazi wa Basili, Bibi Marieta, aliyekuwa akiishi nao, alijipepea kwa ungo akilalamika. Alisema nyumba aliyozaliwa yeye ilikuwa ya miti na udongo, na paa lake la udongo, na hakuna mtu aliyetoka jasho ndani yake. Akasema watu wa siku hizi wanajenga vizuri nje, ndani wanajioka.

Malalamiko hayo yalifika Arusha kwa simu. Huko alikuwako Onesphory, kaka mkubwa wa Basili, mfanyabiashara. Haikupita wiki, akaja na gari, na nyuma ya gari kulikuwa na kiyoyozi. Fundi aliyekuja naye alitoboa ukuta wa sebule, akakifunga. Onesphory akamkabidhi mama yake rimoti mbele ya majirani, akasema kuanzia siku ile mama yake hatatoka jasho tena.

Majirani walikuja kupokea baridi kama wanaokuja kuona mtoto mchanga. Walikaa, wakanywa chai, wakasifu. Mlango ulikuwa wazi muda wote. Mtaani kwao mlango haufungwi mchana watu wakiwamo. Ukiufunga, kuna msiba, au kuna uchoyo. Madirisha nayo yalikuwa wazi, kwa sababu wahudumu wa afya walikuwa wamewafundisha kwamba nyumba yenye watu wengi inahitaji hewa. Basi kiyoyozi kikapuliza sebuleni, na baridi ikatoka mlangoni ikaenda barabarani.

Umeme wao ulikuwa wa LUKU, ule unaoununua kwanza ndipo uutumie. Zamani Agatha akinunua ulimfikisha mwisho wa mwezi. Sasa ulikwisha kabla mwezi haujafika nusu. Asubuhi moja alifungua friji akakuta taa yake haiwaki. Mifuniko ya madumu ilikuwa imevimba. Maziwa yote yalikuwa yameharibika. Yakaenda kwa nguruwe wao wa uani, na Agatha akaenda kibandani mikono mitupu, akawaambia wateja hana kitu.

Jioni ile Basili alikuja na ushauri wake. Alizunguka sana kwa maneno. Alisema umeme hautoshi vitu viwili. Alisema kiyoyozi ni zawadi ya kaka yake kwa mama yao, na ukikizima umemtukana kaka na mama kwa pamoja. Alisema amepata mtu wa kijiji cha Dirma anayetafuta friji.

Agatha alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Baba Zita, hiyo ada ya Zita inatoka kwenye kiyoyozi?"

"Mama Zita, mimi nazungumza kwa upole."

"Na mimi nakujibu kwa upole. Friji haliuzwi. Huyo mtu wa Dirma mwambie atafute kwingine."

Basili akatoka uani. Alimjua mke wake.

Kesho yake Agatha alitafuta njia. Aliwaza kwamba kama baridi inatoka mlangoni, dawa ni kuufunga mlango. Mchana akafunga mlango na madirisha yote, akarudi kibandani. Aliporudi kuchukua chupa, alikuta wanawake wamejaa uani. Mmoja alikuwa na unga, mwingine kuni kichwani. Mama mmoja mnene, Filomena, alimshika bega akamuuliza kwa sauti ya chini bibi amefariki saa ngapi.

Mlango ukafunguka. Bibi Marieta akatokea, kajifunga shuka, mkononi ana rimoti.

"Nimekufa asubuhi," akasema. "Ingieni mnywe chai ya matanga."

Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini bibi hakucheka. Alimwambia Agatha kwamba hataki kuzikwa akiwa hai kwa ajili ya mashine, na mlango ule usifungwe tena mchana.

Hapo Agatha akaona amebanwa pande zote. Kwake, kuvua ndala mlangoni pa jirani kuomba msaada ni kukubali kwamba hajui. Akazivua.

Jirani huyo aliitwa Mwita. Alikuwa mwalimu wa somo la umeme katika chuo cha ufundi, mtu wa Mara aliyehamishiwa pale kikazi. Alikuja jioni ile ile, akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akaomba chai isubiri. Kwanza aliwapeleka Agatha na Basili kwenye mita ukutani.

"Tazameni hiyo taa nyekundu," alisema. "Kila ikikonyeza, umeme umeliwa."

Friji peke yake likiwa linafanya kazi, taa ilikonyeza polepole, kama mtu mwenye usingizi. Mwita akamwomba bibi awashe kiyoyozi. Taa ikaanza kukonyeza upesi upesi, hata Basili akarudi nyuma hatua moja.

Mwita akaeleza. Friji ni kabati dogo lililofungwa. Likishapoa, linanyamaza na kupumzika, na wakati huo halili kitu cha maana. Kiyoyozi kidogo kama kile kinakula karibu sawa na pasi ya umeme. Chumba kikiwa kimefungwa vizuri, kikipoa, nacho hupumzika. Lakini hapa mlango u wazi, na bibi amekiweka kwenye nyuzi kumi na sita. Hakitafika kumi na sita hata kikipuliza mpaka Krismasi. Kwa hiyo hakipumziki. Ni sawa na mtu kupiga pasi kutwa nzima na hakuna nguo mezani.

Basili aliuliza kama mashine ni mbovu.

"Mashine ni nzima," Mwita akasema. "Kuna vyumba vinaihitaji. Mwenye nayo afunge chumba, aiweke kwenye nyuzi ishirini na sita, aoshe chujio lake lisizibwe na vumbi. Itakula kidogo. Nyinyi mmeipa kazi ya kupoza barabara ya Haydom."

Akawaambia atarudi kesho saa nane mchana, kwa sababu jambo lenyewe hasa linaonekana wakati wa jua.

Saa nane ya kesho yake jua lilikuwa kali. Mwita alizima kiyoyozi, akawaweka wote sebuleni, hata bibi. Baada ya muda mfupi jasho likaanza. Kisha akawatoa nje, wakasimama nyuma ya nyumba penye kivuli. Upepo ulipita. Bibi akavuta shuka lake.

"Huku hakuna joto," bibi akasema.

"Ndiyo, bibi. Nchi hii si ya joto. Iko juu. Usiku mnajifunika blanketi. Joto mnalolilia mmelitengeneza wenyewe, liko juu ya vichwa vyenu."

Akaelekeza kidole kwenye bati. Alisema bati likipigwa na jua linawaka, na kwa kuwa chini yake hakuna dari, moto wote unashuka sebuleni. Kiyoyozi kinaondoa joto, bati linaongeza, na Agatha ndiye anayelipia ugomvi wao. Dari ingelizuia joto lile. Matundu ya wavu kwenye kuta za pembeni, juu ya dari, yangelitoa nje. Bati lililopakwa rangi nyeupe linapokea jua kidogo. Dirisha la magharibi linahitaji kivuli nje, kwa sababu pazia la ndani linazuia macho tu, joto limeshaingia. Na usiku, wafungue madirisha yenye nyavu za mbu, baridi ya bure iingie. Mchana, upande wenye jua wafunge dirisha, upande wenye kivuli waache wazi. Hewa itapita, na mlango wa bibi utabaki wazi kama anavyotaka.

Agatha alimgeukia mume wake. Hakupaza sauti.

"Umepiga dari nusu ya mji huu."

Basili alitazama viatu vyake. Alisema mbao zina gharama, na kaka yake anakuja kwenye kipaimara cha Zita mwezi ujao, na akikuta kiyoyozi kimezimwa ataona ni dharau.

"Akija nitamjibu mimi," Agatha alisema. "Nguruwe mmoja atauzwa. Friji litabaki pale pale. Kazi ni yako au nimwite fundi mwingine, watu waone fundi Basili anapigiwa dari na mwenzake?"

Basili alichukua futi yake ya kupimia siku ile ile.

Aliifanya jioni, baada ya kazi za watu. Aliweka fremu za mbao, akapiga silingibodi, akatoboa matundu pembeni na kuyaziba kwa wavu ili popo wasiingie. Vijana wa mtaani walipaka bati rangi nyeupe, na wapita njia wakauliza kama Agatha anafungua zahanati. Alijibu ndiyo, ya kutibu maswali. Dirishani upande wa magharibi akaotesha mpasheni utambae kwenye fito, na kwa kuwa mpasheni hauharakishwi, akaning'iniza mkeka nje kwanza. Kiyoyozi kilikaa ukutani kimya, plagi imechomolewa.

Onesphory alifika siku moja kabla ya kipaimara, saa nane mchana. Alikaa sebuleni, akanyoosha miguu, akavuta pumzi ndefu. Akamwambia mdogo wake kwamba sasa anaona faida ya kuwa na kitu cha maana ndani ya nyumba.

"Ni kweli shemeji," Agatha alisema, akimmiminia maziwa ya baridi. "Ni dari. Basili amepiga."

Onesphory akatazama juu, kisha ukutani. Akaiona plagi. Uso ukabadilika. Akasema kwa ukali kwamba ile ni zawadi ya mama yake, na kwamba mwanamke wa kuuza maziwa stendi hawezi kumpangia mama yake baridi. Akaamuru kiwashwe.

Agatha aliweka jagi mezani.

"Kiyoyozi ni chako, shemeji. Umeme ni wangu, na sitaununua tena kupoza barabara. Ukitaka kiwake, nunua wewe, kila siku ya Mungu. Friji langu silizimi kwa ajili ya sifa za mtu."

"Basili," Onesphory akasema, "umesikia mkeo?"

Agatha hakumtazama mume wake. Aliogopa kumtazama.

"Nimesikia," Basili akajibu. "Sina la kuongeza."

Onesphory akamgeukia mama yake. Bibi Marieta alikuwa na shuka mabegani na kikombe mkononi.

"Mwanangu," alisema, "ukikiwasha, nitaomba blanketi."

Onesphory akasema kwamba kama zawadi yake haitakiwi, atairudisha Arusha. Alidhani watamsihi. Agatha akaenda chumbani, akaleta bisibisi ya Basili, akamwekea mezani karibu na kikombe.

Baada ya kipaimara kiyoyozi kilipakiwa garini. Kabla gari halijawashwa, Basili alikuwa amekwisha kukoroga saruji. Aliziba tundu la kiyoyozi ukutani, akalainisha kwa mwiko, akarudi nyuma kutazama. Agatha alipita na madumu yake, yamejaa, akaenda kuyapanga kwenye friji.

Mvua zilichelewa mpaka mwezi wa kumi na mbili mwaka ule. Umeme wa Agatha ulifika mwisho wa mwezi, na hakuna dumu lililovimba tena.