Kucha Ndani ya Laptop Yangu

KUCHA! Kucha za binadamu... ndani ya laptop yangu!

Jamani, sitanii. Nilikuwa nimefungua mfuniko wa chini, bisibisi mkononi, nikitafuta vumbi. Badala ya vumbi nikakuta vipande vya kucha vilivyotafunwa, vimejibanza pembeni ya kadi ya waifai. Kimoja bado kilikuwa na kinyama.

Bisibisi ikanidondoka. Nikakimbilia sinki nikatapika chai yote.

Najua mtasema, dada, kucha tu ndiyo zikutoe roho? Subirini kwanza. Mchana wa siku hiyo nilikuwa na usaili wa kazi, tena nafasi yangu ya mwisho. Laptop ndiyo hiyo, mgonjwa mahututi!

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi na mume wangu tulikutana kwenye kozi ya kompyuta. Tulipooana tukanunua laptop pacha, aina moja, rangi moja. Tukaziwekea mfumo huria, ule ambao yeyote anaruhusiwa kuuchungulia ndani na kuutengeneza. Hata kwenye ruta ya nyumbani, kile kifaa kinachogawa waifai, yeye ndiye aliyeipa laptop yangu jina la "Malkia". Mapenzi ya mafundi hayo, msicheke.

Kisha kampuni iliyotuajiri wote wawili ikafungwa. Tukabaki sebuleni tunatazamana kama wagonjwa wanaosubiri daktari.

Siku moja nikaona tangazo. Anatafutwa mtu mmoja wa kusaidia wateja wanaotumia mfumo huu huu wetu, akifanyia kazi nyumbani. Mmoja tu!

Mume wangu akanikumbatia.

"Omba wewe, mke wangu. Wewe ndiye kichwa humu ndani."

"Na wewe je?"

"Mimi nitahangaika kwingine. Furaha yako ndiyo yangu."

Nililia kwa furaha. Mjinga mimi!

Siku ya usaili akanibusu kwenye paji la uso. Nikakaa, nikajitambulisha... waifai ikakata! Wasaili wakaganda kwenye skrini, midomo wazi.

Tatizo lilikuwa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha laptop kuongea na kadi ya waifai. Ilikuwa inaanguka. Nikiiwasha inashika, nikivuta pumzi inaanguka tena! Wasaili wakanihurumia, wakanipangia siku nyingine.

"Lakini hiyo ndiyo ya mwisho," waliniandikia.

Mtaniuliza kwa nini nisitumie waya au simu yangu. Jamani, kazi yenyewe ni ya kutatua hitilafu! Niwaambie nini watu wale, kwamba waifai yangu mwenyewe imenishinda? Kiburi cha fundi kikanipanda kichwani.

Nikaanza kuhangaika. Nikazima hali ya kuokoa umeme, maana wakati mwingine ndiyo inayoilaza kadi. Wapi! Nikarudisha kiini cha zamani cha mfumo, ule moyo unaouendesha. Wapi! Nikafuta draiva, nikaiweka upya. Ikaanguka mbele ya macho yangu kama imenidharau.

Na mume wangu, kila jioni, alikaa pembeni yangu.

"Leo umejaribu nini, mama? Nieleze polepole nielewe."

Namweleza yote. Yeye anatikisa kichwa, anatafuna kucha zake, *tk*, anatema kwenye zulia. Tabia hiyo nilishaisemea mpaka mdomo ukachoka.

"Labda kazi hii siyo riziki yako," akasema mara moja, kwa sauti laini kabisa.

Ndiyo maana asubuhi ile nikaamua kuifungua laptop. Na nikakuta... hizo takataka.

Mtanishangaa, lakini niliyemshuku kwanza hakuwa mume wangu. Mtu unayelala naye kitanda kimoja humfikirii hivyo. Nilimfikiria fundi wa pale kona ya mtaa, aliyenisafishia feni miezi iliyopita. Nikafunga zile kucha kwenye tishu, nikaenda nimefura.

"Fundi, wewe unatafunia kucha kwenye laptop za watu?!"

Akainua mikono yake. Kucha ndefu, safi, zimekatwa vizuri kuliko zangu.

"Dada, mimi nazitumia hizi kunyanyulia nyaya. Nikizitafuna nitakula nini?"

Wateja wakaangua kicheko. Nikaondoka nimenywea.

Nikarudi nyumbani. Laptop yangu iko palepale mezani, imefumuliwa, hata betri nimechomoa. Nikafungua ukurasa wa ruta kwenye simu nione nani yuko hewani.

Simu yangu. Simu ya mume wangu. Na...

*Malkia.*

Nikatazama meza. Nikatazama simu. Malkia gani yuko hewani wakati utumbo wake uko nje?!

Hapo ndipo akili ikanijia. Ruta haiijui laptop kwa sura, inaijua kwa kadi yake. Kadi yangu ilikuwa hai, ndani ya nyumba hii, ndani ya laptop nyingine. Na kwa kuwa laptop zetu ni pacha, kadi zilizomo ndani pia ni za aina moja. Mfumo usingeniambia kamwe kwamba nimebadilishiwa!

Nikasukuma mlango wa chumbani. Yuko kitandani na laptop yake, kidole mdomoni. *Tk.* Akatema.

"Nani amefungua laptop yangu?"

"Mimi nitajuaje? Si yule fundi wako?"

"Kadi yangu iko kwenye laptop yako."

Akahamia kidole kingine.

"Baba, nakuuliza wewe!"

"Ya kwangu ilikuwa mbovu... nikataka kutazama mechi kwa raha. Ningekurudishia."

"Mechi?! Umeniacha nidhalilike mbele ya watu kwa sababu ya MECHI?"

"Samahani, mama. Shetani tu."

Nilisikia kinyaa ambacho sijawahi kukisikia maishani. Mdomo ule ule unaotafuna na kutema ndio ulionibusu siku ya usaili, na alijua ndani ya laptop yangu kuna nini!

Sikupiga kelele. Nilichomoa kadi yangu kwenye laptop yake, nikaifuta mara nyingi, nikaichomeka. Waifai ikashika. Haikutetereka hata kidogo.

Saa ya usaili ikafika. Msaili mkuu, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza:

"Tueleze hitilafu ngumu uliyowahi kuitatua."

Nikaanza kueleza habari ya draiva. Akaacha kuandika. Akamtazama mwenzake.

"Kisha ukarudisha kiini cha zamani cha mfumo?"

"Ndiyo..."

"Kisha ukafuta draiva ukaiweka upya?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Jana mwombaji mwingine alitusimulia kisa hiki hiki, kwa mpangilio huo huo. Tukamuuliza, mwishowe chanzo kilikuwa nini? Akanyamaza."

Jana mume wangu alijifungia chumbani "kutazama mechi", amevaa shati la kola lililopigwa pasi. Nani anatazama mechi na shati la kola?!

"Samahani, mama... aliponyamaza, alikuwa anatafuna kucha?"

Mwenzake akaziba mdomo asicheke.

"Muda wote," mama akajibu, amekunja uso.

"Basi chanzo kilikuwa yeye," nikasema. Nikawasimulia mpaka kwenye zile kucha.

Nilipomaliza, nilimkuta mume wangu amesimama mlangoni, kidole mdomoni.

"Wamekupa?"

"Waulize wewe. Si mnajuana?"

Rangi ikamtoka. Nikamwekea ile tishu mkononi.

"Na hivi vitu vyako. Ulivisahau ndani."

Kazi nimepata, wapendwa, na leo naandika nikiwa kwa dada yangu. Yule bwana anapiga simu, sipokei.

Jifunzeni kwangu. Kitu chako kikiharibika kila mara unapotaka kuinuka, msikilize kwa makini yule anayekuuliza kila jioni umefikia wapi.