Ziwa Katika Sikio la Émérence

Kila asubuhi, huko Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba, Émérence alichukua ndoo ya maji na kusimama kwanza mlangoni, akisubiri king'ora cha kiwanda. Zamani kilikuwa kinalia kila siku, na kilipolia baba yake alikuwa anatoka kwenda kazini. Miaka ile mambo ya kiwanda yaliharibika: king'ora kililia leo, kisha kikanyamaza juma zima. Mtoto hakuacha kukisubiri. Kinanda cha kanisa kilikuwa kimekufa, na sauti ile ndefu ya king'ora ndiyo aliyoikamata Émérence kama noti ya kwanza ili kuwaanzishia wenzake nyimbo za kwaya.

Msimu wa mvua alipata mafua. Sikio la kushoto likauma, kisha likatoa usaha. Maumivu yakaisha, usaha haukuisha. Na kusema kweli, hali ile haikumchukiza sana. Alipolala, dunia ilikwenda mbali. Kikohozi cha baba, jogoo wa jirani, vyote vilisikika kama viko chini ya maji ya Tshangalele, ziwa ambalo mama yake alizaliwa kando yake. Aliona samaki wakipita polepole dirishani, wakivuta pazia kwa midomo.

Shida ilikuwa harufu. Ili wanakwaya wasiinuse, alichomoa pamba ya godoro akaziba sikio. Tena, kwa siri, alidondosha humo mafuta ya maombi, yale ambayo mama yake, Mama Henriette, aliwapaka wagonjwa kwenye paji la uso. Aliwaza: kama yanasaidia nje, ndani yatasaidia zaidi.

Jumamosi, kwenye mazoezi, alianzisha wimbo. Sauti ilitoka juu mno, wenzake wakakwama.

"Weye, unaimba ao unaita mbuzi?" Casimir, mwanakwaya mwenzake, aliuliza, na kwaya nzima ikacheka.

Akaanza tena, ikawa mbaya zaidi. Mama Adrienne, kiongozi wao, alitikisa kichwa. "Pasaka inabakia majuma matatu, mwanangu. Kama sauti hairudi, Casimir njo ataanzisha, si weye."

Nyumbani Émérence alikaa uani akilia. Mama yake akaja, akamshika bega.

"Minye mama yako nakuita mara tatu! Hausikii?"

Akamgeuza kichwa, akavuta pamba. Ilikuwa imelowa, inanuka.

"Yesu wangu! Tangu siku gani?"

"Tangu mafua ile, mama."

"Na hii mafuta?"

Mtoto alitazama chini. "Ni ya maombi. Minye njo nilitia."

Kesho yake walikwenda kwa Papa Stanislas, muuguzi mzee wa zahanati. Alibonyeza mfupa nyuma ya sikio.

"Inauma hapa? Hapana? Bon, vizuri. Ingevimba hapo, ao ungekuwa na homa kali, ningekutuma hospitali leo leo."

Akasokota kitambaa safi kama utambi, akakiingiza taratibu sikioni, akakitoa kimelowa, akasokota kingine, mpaka kimoja kikatoka kikavu. Ndipo akatia matone ya dawa kutoka kwenye chupa ya mwisho aliyobakiwa nayo, akampa mama chupa ile.

"Mama Henriette, fanya hivi mara nne kwa siku. Utambi usibaki ndani. Asiogelee, na maji ya kuoga yasiingie. Mafuta, pamba ya godoro, kijiti, vyote hapana! Kisha mumurudishe, nimutazame tena."

Siku zilipita. Usaha ukapungua, ukaisha. Samaki nao waliondoka dirishani mmoja mmoja, na Émérence akawahurumia kidogo.

Alhamisi kabla ya Pasaka alikuwa amelalia sikio lake zima, la kulia. Kwa mbali kitu kikaanza kulia, kirefu, kizito, kikapita kwenye sikio la kushoto bila kulowa maji. King'ora! Alikidaka kooni, akakibeba siku tatu, akikivumisha midomo imefungwa, hata kisimani.

Siku ya Pasaka, kanisani, alisimama, akafungua kinywa, akaanzisha. Kwaya ikaingia nyuma yake bila kukwama.

"Mbuzi amerudi zizini," Casimir alinong'ona, akitabasamu.

Njiani kurudi, Mama Henriette alimshika mkono. "Sikiliza vizuri, sasa unasikia. Maombi tutaomba, na mafuta yake itabaki kwenye paji. Lakini sikio ikiuma, useme siku ileile. Ukificha ugonjwa, unauzibia ndani pamoja na weye."

Émérence alisikia kila neno, kwa masikio yote mawili.