Mpira wa Kisima cha Wazo

Soko la Tegeta lilikuwa limefurika Jumamosi ile Salsabil alipopigwa kikumbo na mpira mnene wa maji, wa bluu, uliokunjwa duara. Kijana aliyeubeba begani, ovaroli lake limepauka, hata hakugeuka.

"We kaka! Umenichafulia mtandio!"

Akasimama, akatabasamu. "Samahani, mrembo. Mpira wa kisimani huu, hauna macho."

"Na wewe je?"

"Mie ninayo. Ndiyo maana nimesimama."

Aliitwa Fakihi, fundi wa kampuni iliyoletwa mtaa wa Wazo, jirani na Tegeta, kusafisha maji ya ardhini yaliyoharibiwa na machimbo ya zamani. Salsabil aliyajua maji hayo vizuri. Wateja wa saluni yake walikuwa wakiwashwa vichwa, na mama yake, Bi Mahfudha, viganja vilimchubuka kwa kufua.

"Huo mpira wako unafanyaje kazi?" alimuuliza kwenye simu siku chache baadaye, maana walipeana namba palepale sokoni.

"Tunaushusha kisimani na pampu inaning'inia mwishoni mwake. Haushiki kutu kama bomba la chuma. Maji machafu yanapanda, yanaingia kwenye matangi, tunayatibu, ndipo tunayaachia."

"Na mie utanitibu lini?"

"Kwani unaumwa wapi, habibti?"

"Ukikata simu ndo naumwa."

Wakapendana hivyo, kwa kutaniana, hadi asubuhi moja Salsabil alipopita kisimani akamkuta Fakihi anauvuta mpira wote nje, anaukunja. Damu ikamchemka.

"Mnaondoka?"

Fakihi akamtupia jicho bosi wake, Suhaib, aliyesimama kando amefura. "Nitakupigia, Salsa."

"Usinipigie! Mama yangu ananawa sumu, wewe unafungasha virago!"

Fakihi alipopiga, Salsabil hakupokea. Kesho yake mchana Fakihi akaingia saluni, wateja wana mapovu kichwani.

"Suhaib ametoboa njia ya pembeni. Maji hayapiti kwenye matangi, yanamwagwa mtoni na uchafu wake, ili asinunue dawa ya kuyatibu. Nimeng'oa pampu na mpira ili kumzuia, kanifukuza."

Salsabil akaweka chanuo chini. "Umejua lini?"

"Wiki iliyopita. Nilidhani nitamweka sawa mwenyewe."

"Watu wanamwagilia mchicha kwa maji ya mto ule, wewe unadhani! Wiki nzima unaniita habibti huku unanificha!"

Salsabil akavua aproni.

"Twende. Utawaambia mtaa mzima kama ulivyoniambia mie."

Wanawake wakatoka na taulo vichwani, majirani wakajazana kwenye geti la kisima. Suhaib alifoka, akatishia polisi, hawakubanduka. Wakubwa wake walipofika wakaoneshwa ile njia ya pembeni, matope ya uchafu yangali mdomoni mwake, hawakuwa na pa kujificha. Ikakatwa mbele ya macho ya watu. Suhaib akaondolewa, Fakihi akarudishwa kazini, mpira ukashushwa upya.

"Maji yatachukua miaka kusafika," Fakihi alimwambia, mikono imejaa tope.

"Najua. Na hasira zangu nazo bado."

"Basi nilete washenga kwa Bi Mahfudha, au nisubiri zipoe?"

Salsabil akamkazia macho hadi Fakihi akainamisha kichwa.

"Walete. Ukizisubiri zipoe mie nitazeeka. Ila ukinificha kitu tena, Fakihi, nitakutangaza getini kama Suhaib."