Kona za Mgeta

Roboti aliyeitwa Shangazi alikuwa na vidole ishirini na vinne, na asubuhi hiyo vyote vilikuwa kazini kichwani mwa Tunu, bibi harusi. Kila kidole kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, na kila kimoja kilikuwa na jicho lake la kupimia unywele. Kazi ambayo mikono ya binadamu ingeifanya kwa saa sita, Shangazi aliimaliza ndani ya saa moja, tena bila kumvuta mtu ngozi ya kichwa mpaka machozi yamtoke. Mwaka huo wa 2094 saluni zote za Morogoro zilikuwa na roboti wasusi, lakini huyu wa saluni ya Zamoyoni ndiye aliyependwa zaidi, kwa sababu alikuwa amefundishwa kupiga soga.

"Na huyo mume, mwanangu, kupika anajua?" Shangazi aliuliza huku akisuka.

"Anajua kuchemsha mayai," Tunu akajibu.

"Basi si haba. Wapo wanaoyaunguza."

Mama Tunu, aliyekuwa ameketi pembeni na gauni la bintiye mapajani, alicheka mpaka gauni likataka kuanguka. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na ndoa ilikuwa saa nne.

Mtindo aliouchagua Tunu uliitwa Kona za Mgeta. Njia saba za nywele zilianzia kwenye paji la uso, kila moja ikapanda kwa kukata kona saba huku na huku, zikakutana utosini. Zamoyoni, mwenye saluni, aliubuni mwenyewe akiwa na miaka ishirini na mitano. Siku moja alipanda lori la mboga kwenda Mgeta, akaona barabara inavyojikunja mlimani, akarudi nyumbani na ramani nzima kichwani. Tangu hapo mji mzima ulimjua kwa mtindo huo.

Njia ya sita ilipokwisha, vidole vyote vikasimama kwa mpigo.

"Samahani," Shangazi akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya ofisini. "Mtindo huu umesajiliwa dakika tatu zilizopita. Hakimiliki ni ya kampuni moja ya ng'ambo. Siruhusiwi kuendelea."

"Mtindo upi?" Zamoyoni akauliza.

"Kona za Mgeta. Wao wameuita Mtindo Namba Kumi na Tisa."

Zamoyoni akakaa chini. Iliuma, wala hakujaribu kuficha. Mwaka uliopita alifika mgeni mmoja mwenye miwani mikubwa, akawa anazunguka vichwa vya wateja akisifia kila kona. Zamoyoni akampa chai na maandazi, akamwongezea na mengine ya kula njiani. Kumbe ile miwani ilikuwa inapima.

Kwa miaka kumi sasa nchi nyingi zilikuwa chini ya Mkataba wa Mitindo, uliolinda misuko ya nywele kama vitabu na nyimbo. Tatizo ni kwamba kila nchi iliusoma mkataba huo kwa miwani yake. Hapa kwetu, aliyebuni kwanza ndiye mwenye haki, awe amejisajili au hakujisajili. Nchi ya kampuni ile iliangalia nani amewahi dirisha la usajili. Kichwa cha Tunu kilikuwa Morogoro, lakini akili unde iliyomwendesha Shangazi ilikaa kwenye mitambo ya nchi ile, na roboti hufuata sheria ya mahali akili yake ilipo.

"Kwa hiyo mimi naolewa hivi?" Tunu akasema, akijitazama kwenye kioo. Upande mmoja alikuwa malkia; upande wa pili, juu ya sikio, fungu zima la nywele lilikuwa limesimama wima kwa hofu.

"Namalizia kwa mkono," Zamoyoni akasema.

"Usithubutu, bosi," Shangazi akasema. "Nitalazimika kutoa taarifa, na baraza la mkataba litaifunga saluni leo hii. Ndivyo nilivyoundwa. Lakini unaweza kupinga. Nikuunganishe na Mwamuzi?"

Mwamuzi alikuwa akili unde ya baraza la mkataba. Hakupiga soga. Alitaka ushahidi wenye tarehe, uliotunzwa na mtu mwingine, ambao Zamoyoni asingeweza kuuchezea. Zamoyoni akaonyesha picha za wateja ukutani.

"Picha hizo ungeweza kuzitengeneza leo asubuhi," Mwamuzi akajibu. "Una nusu saa."

Ndipo Mama Tunu alipopiga paja.

"Zamoyoni! Vitambulisho!"

"Vitambulisho gani, jamani?"

"Umesahau mwaka ule wa sitini na tano? Serikali ilipoleta picha ya duara?"

Zamoyoni akaanza kucheka kabla hajaelezwa zaidi. Mwaka 2065 vitambulisho vya taifa vilianza kubeba picha ya kichwa kizima, mbele, nyuma na pembeni. Sasa ni mwanamke gani angekubali kuonekana ovyo kwenye kadi ya maisha? Wiki nzima kabla ya zoezi, akina mama wa kata yao walijaa kwa Zamoyoni, na kila aliyemwona mwenzake akataka kama yule. Siku ya siku, afisa wa vitambulisho alivua miwani akalalamika kwamba kata nzima imemletea kichwa kimoja.

Mama Tunu akatoa kitambulisho chake. Pichani alikuwa binti mwembamba mwenye macho ya kuchokoza, na kichwani kona saba zimepanda sawasawa. Kisha akashika simu na kutuma sauti kwenye kundi la mtaa: "Wenzangu, tunaibiwa Kona za Mgeta! Kila mwenye kitambulisho cha sitini na tano aweke dole gumba, amruhusu Mwamuzi aone, na aseme nani alimsuka. Haraka, mwali yuko nusu!"

Majibu yakaingia kama mvua. Mwingine aliruhusu akiwa sokoni, mwingine akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno. Mpaka nusu saa inakwisha, Mwamuzi alikuwa na vichwa sitini na vitatu mbele yake, vyote vimetunzwa na serikali, vyote na tarehe.

"Usajili wa kampuni umefutwa," akasema. "Mbunifu ni Zamoyoni Kibwana wa Morogoro, na uamuzi huu unafungamanisha nchi zote."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka kituo cha treni. Shangazi akarudia sauti yake ya kawaida. "Hongera, bosi! Sasa una uwezo wa kuwazuia wengine. Kamera za taa za barabarani zimewaona wasusi mia tatu na kumi na wanane wanaotumia mtindo wako bila ruhusa. Wa kwanza ni Bi Mwantumu wa Kilosa. Yuko barazani anamsuka mjukuu wake kwa mkono. Kona tatu za mwanzo ni zako kabisa. Nimzuie?"

Tabasamu la Zamoyoni likayeyuka. Bi Mwantumu ndiye aliyemfundisha kushika kitana. Miaka miwili Zamoyoni alisimama nyuma ya kiti chake akitazama vile vidole vinavyogeuza kona. Barabara ya Mgeta ilimpa zile kona nne za juu. Tatu za mwanzo alizikuta mikononi mwa mwalimu wake, na katika miaka yote ya kusifiwa hakuwahi kulisema hilo. Aliona haya.

"Zile si zangu," akasema. "Ni zake. Andika majina mawili, lake litangulie."

"Na hao wengine?"

"Wasuke."

"Hata kampuni?"

"Hata wao. Ila kila atakayesuka atutaje sote wawili. Na hiyo Namba Kumi na Tisa nisiisikie tena."

Ilibaki njia moja. Shangazi akainua vidole vyake, lakini Zamoyoni akamsogeza. Kwa miaka tisa hakuwa amesuka hata unywele mmoja. Vidole vilikuwa vizito, vikajikwaa, vikakosea kona ya pili na kuikata upande usio wake. Njia ya saba ikapanda imepinda peke yake, ikafika utosini kwa kuzunguka sikio.

"Nimekuharibia, mwanangu," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Tunu akageuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. "Usiiguse," akasema. "Hii ndiyo yangu."

Jicho moja la Shangazi likasogea karibu na sikio la bibi harusi, likapima taratibu.

"Bosi, njia hii haipo popote kwenye daftari la mitindo. Niisajili?"

"Hebu tupishe," Zamoyoni akasema, akijifuta machozi kwa kanga. "Mtoto akaolewe."