Aliyemwitikia Hanna

Nilikuwa nimemenya ndizi nusu ya ndoo, mikono imeganda utomvu, simu ilipoita. Ilikuwa saa kumi jioni. Ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, hazina subira, ukiziacha zinageuka nyeusi. Nikamwambia Brian, mwanangu wa miaka tisa, anishikie simu sikioni.

Alikuwa Fundi Saadi wa mtaa wa Sakina, yule anayetengeneza redio na kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye simu.

"Mama Princess, binti amefika nyumbani?"

"Bado. Si yuko kwako?"

"Alitoka saa saba. Aliniandikia kwenye karatasi kwamba anakwenda kwa bibi yake."

Aliandika kwa sababu sauti ilikuwa imemkauka. Hiyo ilikuwa siku ya tatu. Nilimpa tangawizi, nikamsukutuza maji ya chumvi, nikasema ni mafindofindo yatapita.

"Sasa shida iko wapi, Fundi?"

Nyuma yake nilisikia mtu akigonga bati gereji.

"Ile kanda ninayo kwenye kompyuta. Nimeisikiliza sasa hivi. Binti yako yumo."

"Najua. Alijirekodi akiimba juu yake."

"Hiyo na mimi naijua, mama. Hii siyo kuimba." Akashusha sauti. "Anakuita."

Kisu kikaniponyoka kikazama ndooni.

Kanda hiyo nilimpa Princess mimi mwenyewe. Naanza na hilo ili msitafute wa kumlaumu. Mwaka tisini na nne, wanawake sita wa Oldonyo Sambu walirekodi albamu moja, wakaiita *Tumekuja Sita*. Mama yangu mzazi, Elinaza, alikuwa mmoja wao. Hakuna gitaa wala kinanda mle. Ni sauti, kayamba, na debe la mafuta linalopigwa kwa kiganja. Nyimbo nane. Nimesikia muziki mwingi kwenye harusi na mazishi ya watu, na sijasikia kitu kizuri kama kile. Lakini zilitolewa kanda arobaini tu, kisha zikapotea. Nilimuuliza mama, akasema watu hawakuzipenda. Nikakua na uchungu huo, kwamba dunia ilimkataa mama yangu.

Krismasi iliyopita nilifungua sanduku lake bila kumuuliza. Chini ya khanga nikaikuta moja. Nikaitia kwenye pochi.

Princess ana miaka kumi na saba na masikio mazuri kuliko yangu. Aliisikiliza usiku na mchana. Akaipeleka kwa Fundi, akaiweka mtandaoni, akaandika: "Albamu bora kuliko zote ambazo hujawahi kuzisikia." Watu elfu kumi na nane wakaisikiliza. Nililia nikiosha vyombo, kwa furaha, mtu asinione.

Ila wimbo wa nne una pengo. Wengine wote wananyamaza, kayamba linabaki peke yake, kana kwamba kuna mtu anangojwa aingie. Wiki ile ile, hapo Princess akaingiza sauti yake. Na mwanzoni mwa kanda, pale mwalimu wao anapoita majina kama wanakwaya wanavyoitwa mazoezini, binti yangu akaitikia jina moja, kwa utani tu.

Jina la Hanna.

Hanna namkumbuka. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi kumi. Walifanyia mazoezi kwetu. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, ikianza unaisikia tumboni kabla ya masikioni. Kisha akaacha kuja, na hakuna aliyeniambia kwa nini.

Sikumpigia baba yao, yuko safarini na lori Kigoma. Angeniuliza maswali. Nilimchukua Brian, kwa sababu huyo ndiye niliyekuwa nimebaki naye wa kumshika mkono. Nikachukua na ndoo ya ndizi na nyama yake. Mtu akiniona atasema nakwenda kwenye sherehe. Lakini watoto lazima wale, hata siku ya namna hiyo.

Bodaboda ikatufikisha Sakina. Fundi Saadi alikuwa ameshawasha kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Ni mtu mzima mwenye mvi, mwenye maneno mengi siku zote. Siku hiyo hakutania.

"Mama kule Oldonyo Sambu hapokei simu," nikamwambia.

"Panda."

Tulipopita Ngaramtoni nikamwomba anisikilizishe. Akakataa. Nikaomba tena. Akanipa simu yake bila kunitazama.

Nikabonyeza wimbo wa nne. Sauti zikapanda, zikateremka, zikanyamaza. Kayamba likabaki. Kisha upepo, upepo ambao haukuwamo kwenye kanda ya mama yangu. Majani makavu. Mtu anahema.

"Mama... nauona moshi wa kwa bibi... Natembea lakini haukaribii."

Brian akaruka mapajani pangu. "Dada! Dada, uko wa—"

Nikamziba mdomo. Sijui nani alinifundisha kufanya hivyo.

"Kuna mtu nyuma yangu, mama. Anaimba vizuri... Anasema nisigeuke."

Kisha wale waimbaji wengine wakarudi, watano, na wimbo ukaendelea kama kawaida.

"Mara ya kwanza hakusema hayo ya mtu wa nyuma," Fundi akanong'ona. "Wallahi, kila nikiipiga anaongeza."

Mlima ulikuwa kulia kwetu, wingu limeufunga kiunoni. Jua lilikuwa linateremka upande wa pili. Nikaapa moyoni kwamba nikimpata nitamchapa, halafu nikaapa kwamba sitamgusa kamwe. Sikujua ahadi ipi ina nguvu.

Tulimkuta.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko la mama yangu, kanda mapajani, uso umeelekea mlimani. Macho wazi. Midomo inacheza, haitoi kitu. Nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi kama imetoka kisimani, na ilinuka majani mabichi na gome la mtarakwa, mti unaoota juu kabisa mlimani, mahali ambapo mwanangu hajawahi kukanyaga.

"Princess. Princess, mimi hapa."

Hakunitazama.

Mama yangu akatoka jikoni amejifunga kitambaa kichwani. "Amekaa hivyo tangu saa tisa," akasema. "Nimemkanda, nimeomba, nimemmwagia maji."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ni ya kukwaruza, ilishaharibiwa na moshi wa jiko miaka mingi. Akakohoa kikohozi chake kile kikavu. "Nani alifungua sanduku langu?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nilitaka watu wasikie. Uliniambia hawakuzipenda."

"Walizipenda mno!" Akaketi kizingitini. "Nilizunguka nyumba kwa nyumba kuzikusanya. Wengine niliwaibia. Nikazichoma zote, ile moja mkono ukakataa. Ni ujana wangu, mwanangu. Nilishindwa."

Kisha akasema jambo ambalo alilikalia miaka thelathini.

Siku moja kabla ya kurekodi, Hanna alipanda mlimani kutafuta kuni. Hakurudi. Walimtafuta hadi asubuhi. Studio mjini ilikuwa inawangoja, na Mwalimu Aminiel, kiongozi wao, akasema waende, msichana atapatikana. Kinasa sauti kikawashwa, akaanza kuita majina. Alipofika kwa Hanna, akasahau kuliruka.

"Pakawa kimya," mama akasema. "Nikaona aibu. Albamu inaitwa *Tumekuja Sita*, na tupo watano. Nikaitika mimi. Nikasema nipo."

Kila kwaya ninayoijua ina mtu wa kumwitikia mwenzake. Ni huruma. Mwenzako amechelewa, ana mtoto mgonjwa, unamwitikia ili mwalimu asimseme. Nami nimeshawahi kufanya hivyo kanisani.

"Wakati ule Hanna alikuwa hai bado," mama akaendelea. "Nilikuja kuota. Alikuwa akipiga kelele mlimani watu wamsikie. Lakini alikuwa ameshaitikiwa. Ukishaandikwa upo, nani atakutafuta?"

Mwaka uliofuata, mama akasimulia, mmoja wa waimbaji aliimba pengo la wimbo wa nne harusini. Sauti ikamkauka. Siku ya tatu, jua lilipozama, akasimama katikati ya chakula na kwenda zake mlimani. Walipata kiatu.

Nikatazama magharibi. Jua lilikuwa limebaki kipande kama ganda la chungwa.

"Kwa hiyo tufanye nini?"

Akaitazama kanda mapajani mwa Princess.

"Mama! Tufanye nini?"

Princess akasimama.

Alisimama polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake. Kanda ikaanguka. Akapiga hatua moja kuelekea mlimani. Nikamkumbatia kiunoni. Binti mwembamba yule, nikaburuzwa kwenye vumbi kama kamba ya ng'ombe. Fundi akamshika bega, akaburuzwa naye. Brian aling'ang'ania sketi yangu akilia. Watu watatu, na hakuacha kutembea.

"Fundi," mama yangu akaita. "Piga ile kanda. Mwanzo wake. Sauti hadi mwisho."

Fundi akaachia bega, akatoa simu.

Mkwaruzo. Kisha Mwalimu Aminiel, ambaye tulimzika miaka saba iliyopita, akakohoa kidogo na kuanza kuita. La kwanza, nipo. La pili, nipo. "Elinaza?" Nipo, ikajibu sauti ya mama yangu akiwa kijana. La nne. La tano.

Princess alikuwa ameshafika kwenye uzio wa minyaa. Nilikuwa nimepiga magoti, nimemkamata miguu.

"Hanna?"

Midomo ya mwanangu ikafunguka. Mama yangu akamwahi.

"Hayupo!"

Alisimama katikati ya uwanja, mkono juu, kama mwanafunzi darasani.

"Hanna hayupo, Mwalimu. Hajaja. Alikuwa mlimani peke yake. Aliyemwitikia si mtoto huyu. Ni mimi, Elinaza."

Kwenye kanda, majina yakiisha, wimbo wa kwanza unaanza. Naijua ile kanda kama ninavyoijua sala.

Wimbo haukuanza.

Mkwaruzo tu... mkwaruzo... Kisha sauti ya Mwalimu, taratibu, karibu sana:

"Basi njoo ukae mahali pake."

Simu ikazima mkononi mwa Fundi. Ng'ombe wa jirani wakanyamaza. Harufu ya mtarakwa ikateremka juu yetu ghafla, nzito, ya baridi, ikapita kuelekea nyumbani na kuisha. Kile kipande cha jua hakikuwepo tena.

Miguu niliyoishika ikalegea. Princess akaniangukia.

"Mama," akasema. "Mama, nina kiu."

Sitaeleza nilivyolia. Tulimbeba hadi jikoni. Mama yangu tulimkuta ameshaingia, ameketi pembeni ya jiko, mgongo ukutani, kimya. Nikamwambia asante. Akatikisa kichwa. Nikaona amechoka, nikamwacha.

Nikawasha moto, nikainjika nyama, ikiiva nitie ndizi. Zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi, nikazitia hivyo hivyo. Fundi alirudi kusema sema kidogo kidogo.

"Mimi si mla mtori sana," akasema, "lakini leo nitakula na sufuria."

"Sufuria ni ya bibi," Brian akamwambia.

Princess akacheka. Nilitaka kukishika kicheko kile nikiweke kabatini, nikifungie.

Kwetu watoto hawahesabiwi kwa idadi. Ni mkosi kusema ninao watatu, ninao wanne. Unawaita majina wakati wa kupakua, ukijua wote wameitika unafunga mlango. Ndivyo nilivyolelewa na mwanamke yule aliyeketi pembeni ya jiko. Mkono wangu ukaanza kazi bila kuniuliza.

"Brian?"

"Nipo."

"Princess?"

"Nipo, mama." Sauti yake mwenyewe, imekwaruza, lakini yake.

"Fundi?"

"Nipo, na njaa yangu."

Nikageuka na bakuli. Mama yangu alikuwa amevua kitambaa. Alikuwa anazigawa mvi zake kwa vidole, taratibu, anazisuka upande mmoja, kama wanavyosuka wasichana.

Tangu tuingie jikoni, katika moshi ule wote, hakukohoa hata mara moja.

"Mama?"

"Nipo."

Niliisikia tumboni kwanza. Nzito. Laini.

Kijiko cha Fundi kikasimama hewani. Mwanamke yule aliyenizaa akainamisha kichwa mbele yangu, macho chini, kama binti aliyelelewa vizuri anapokutana na mtu mzima asiyemfahamu.

"Shikamoo, mama," akaniambia.

Nje, juu sana, kule ambako wingu lilikuwa, mtu alikohoa. Kikohozi kikavu, cha moshi.

Princess alinitazama. Alikuwa na uji wa ndizi kwenye kidevu, mashavu yameanza kupata rangi. Nilifikiri juu ya kusimama. Nilifikiri juu ya kufungua mlango na kuita. Nikafikiri pia nini kitakuja kuitikia, na kitamtaka nani.

Nikafunga mlango kwa komeo.

"Marahaba," nikasema, nikampakulia.

Mabakuli matano, vijiko vitano. Hakuna aliyepungua.