Ujumbe Ambao Helena Hakuufikisha

Kila siku baada ya masomo Helena alipitia kisimani kuteka maji, kisha akawahi nyumbani kutwanga mahindi. Ulikuwa mwaka 1955, nao walikaa Mpanda, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa madini ya risasi. Baba yake, Kasimiri, alikuwa mpatanishi wa wafanyakazi. Wenzake walimchagua kwa sababu alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. Watu wakigombana kazini, au wakiwa na neno kwa msimamizi Mzungu, walimwendea yeye. Helena, mwenye miaka kumi na mitatu, alikwisha kumwambia mwalimu wake kwamba akikua ataifanya kazi hiyo hiyo.

Wakati huo mjomba wake, Apolinari, hakuwa akisemezana na Gelasius. Wote wawili walifanya kazi chini ya ardhi. Apolinari alitoboa mwamba. Gelasius alisimamisha magogo ya kuuzuia usiporomoke. Gelasius alikuwa amemwita mwenzake mlevi mbele ya watu, na tangu hapo neno la mmoja kwa mwingine lilipita kwa Kasimiri.

Alasiri moja Gelasius alikuja kumtafuta Kasimiri, naye amekwenda Kabungu msibani. Alimkuta Helena kwenye kinu.

"Baba yako akirudi mwambie nimeona ufa pale anapotoboa Apolinari," alisema. "Msimamizi nimemkosa. Kesho Apolinari asiingie mpaka niongeze magogo."

Kasimiri alirudi jioni. Helena alimtengea chakula, asiseme kitu. Moyoni aliona kwamba mtu huyu, baada ya kumtukana mjomba, sasa anataka mjomba aonekane mvivu pia.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, kengele ya mgodi ililia bila kukoma. Mwamba ulikuwa umemwangukia Apolinari. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Mama yake Helena alimlilia kaka yake mpaka sauti ikakauka.

Wafanyakazi walisema Gelasius amefanya kusudi, wakakataa kushuka naye. Walipokuja naye nyumbani kwa Kasimiri, Gelasius alisema alikuwa ameacha ujumbe pale. Kasimiri akasema kweli, kwamba haukumfikia. Hapo Gelasius alimtazama Helena, kisha akainamisha kichwa. Hakutaka kumtwika mtoto mzigo ule.

Siku mbili Helena hakuweza kula. Siku ya tatu wafanyakazi walikusanyika uani kwao ili wamtake msimamizi amfukuze Gelasius. Helena alisimama katikati yao.

"Mzee Gelasius alisema," aliwaambia. "Alinituma mimi. Nilinyamaza kwa sababu alimtukana mjomba."

Kasimiri alimwomba Gelasius radhi mbele ya wote, kisha akamshika binti yake mkono, wakaenda hospitali. Apolinari alipoyasikia, aligeukia ukutani muda mrefu. Mwishowe aliomba aitiwe Gelasius.

Gelasius alikuja, akakaa chini kando ya kitanda. "Neno kama lile ilinipasa nikuletee mwenyewe," alisema. "Kiburi kilinizuia."

"Na mimi, ungekuja, ningekufukuza," Apolinari alijibu, na wote wawili wakalia.

Gelasius alirudishwa kazini. Apolinari alirudi kwao Litapunga kwa magongo, na kila msimu wa kulima Gelasius alikwenda kumlimia.

Siku walipomsindikiza mjomba, Helena alimwambia baba yake kwamba hafai tena kuwa mpatanishi.

"Mwanangu, neno la mtu ni amana," alisema Kasimiri. "Mpatanishi hachagui la kufikisha na la kuficha. La umpendaye na la usiyempenda, yote huyafikisha yalivyo. Ulikosa, na mguu wa mjomba wako hatutaurudisha. Lakini ulisimama ukasema kweli iliyokuumiza wewe mwenyewe, na asiyeweza hilo hawezi kupatanisha watu. Usiiache nia yako."

Helena alifuta machozi kwa kanga ya mama yake aliyojifunga, wakaendelea na njia.