Jumamosi Aliyoipanga Wakio

"Mwalimu, hapa kwangu anayekaa kwenye kiti ndiye anayebonyeza."

Aliyesema hivyo ni Ben Nzuki, mwenye saiba, duka la kompyuta na mtandao, iliyo nyuma ya soko la Voi. Aliyeambiwa ni Phoebe Wakio, mwalimu wa shule moja ya wasichana mjini humo, na kabla ya siku hiyo hawakuwa wamewahi kuonana. Ilikuwa siku ya soko. Nje wauza nyanya walikuwa wakishindana kwa kelele. Ndani feni ilikuwa ikizungusha joto lile lile. Wakio alikuwa amevaa gauni la kitenge cha manjano na raba nyeupe, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akikimbia. Nyuma yake walisongamana wasichana wake waliomaliza kidato cha nne, waliokuja kuchagua vyuo.

"Kwani nimebonyeza nini mimi?" Wakio aliuliza.

"Umebonyeza vyote. Huyu dada hajagusa hata kitufe kimoja."

"Huyu dada anaitwa Kavinya, na anataka ualimu."

Nzuki aliinama kidogo. "Kavinya, ni kweli?"

Kavinya, msichana mwembamba kutoka Miasenyi, alimtazama mwalimu wake, akatazama sakafu. "Mimi nataka upishi wa hoteli, Ticha."

"Upishi! Na hiyo B yako tuipeleke wapi?"

"Itatiwa ndani ya mchuzi, Mwalimu," Nzuki alisema. "Watu watakula chakula chenye akili."

Wasichana walicheka hadi mmoja akaegemea mashine ya kunakili ikalia. Wakio hakucheka. Alikuwa ameshinda juma zima akibishana na wenye D wanaotaka urubani, na baba mmoja aliyeapa kwamba binti yake atasomea udaktari hata kama ni wa mbwa. Sasa amepatikana hata wa kumfundisha kazi yake.

"Bwana, wewe ni wa kuchapa barua ama wa kushauri watoto?"

"Mimi ni wa kuwasha mashine tu. Lakini nina masikio."

Wakio aliwakusanya wasichana wake akatoka nao kama mtu anayehama. Alizunguka mji mzima. Saiba ya kwanza mtandao ulikuwa umelala, ya pili foleni ilikuwa imefika barabarani, ya tatu mwenyewe alikuwa ameenda mazishini. Jua likiwa utosini, alirudi nyuma ya soko huku amekunja uso. Nzuki alitoa kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya feni, akamletea soda baridi. Wakio alikunywa nusu ya chupa kabla hajashukuru. Ndipo alipoona kwamba mtu yule ana shati jeupe lililopigwa pasi vizuri, mikono mirefu iliyotulia, na kwamba anapozungumza na mzee asiyejua kusoma hapandishi sauti.

"Mwandike Kavinya huo upishi wake," alisema hatimaye.

"Ataandika mwenyewe," Nzuki alijibu, akatabasamu.

Basi mapenzi yakaanza, lakini mapenzi ya msimu wa kuchagua vyuo ni mateso. Nzuki alikuwa akiandika namba yake ya simu kwa kila mtahiniwa asiye na simu, na wengi hawakuwa nayo. Kila ujumbe wa mtoto wa watu uliingia kwake.

"Mwendwa wakwa, umekula?" Nzuki angeuliza jioni kwa simu, akimwita mpenzi wake kwa Kikamba.

"Nimekula kimanga. Wewe umekula hiyo muthokoi yenu ya mahindi ya kuvunja meno?"

"Muthokoi ni chakula cha mashujaa, mpenzi. Siku moja nitakupikia uone... Subiri kidogo. Kuna mzazi kutoka Mahoo kwa laini ya pili."

"Nzuki!"

"Anasema mtoto amechagua kozi moja mara nne. Nakuja sasa hivi."

Hakuwa akija sasa hivi. Wakio angekaa na simu sikioni, akisikiliza ukimya, hadi chai ipoe. Walipokwenda kula kuku Jumapili moja, Wakio akiwa amevaa blauzi ya buluu na hereni alizoazimwa na dadake, kuku alipoa vilevile. Msichana mmoja aliwafuata hadi mezani kuuliza kama famasia ni sawa na duka la dawa. Na aliyemjibu, kwa maelezo marefu, ni Wakio mwenyewe. Nzuki alimtazama akaona kwamba amekutana na mtu wa aina yake, Mungu awasaidie wote wawili.

"Nataka kumwona baba yako," alisema siku hiyo.

Babake Wakio, Mzee Harrison, aliishi Werugha, juu milimani, na ng'ombe wake wa maziwa na shamba lake la kabeji. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa saa na wa neno lake. Hakuwa na ugomvi na Wakamba, alisema, lakini alikuwa na ugomvi na watu wanaochelewa.

"Aje Jumamosi saa sita," alimwambia binti yake. "Nitawaita wazee wa nyumba yetu na mjomba wako. Nitachinja. Asipofika, asinitafute tena, na wewe usinitajie jina lake."

Wakio alipanga kila kitu. Kuchagua vyuo kungefungwa Jumatano, kwa hiyo Jumamosi Nzuki angekuwa huru. Alimchagulia suti ya kijivu na tai. Alimfundisha kuamkia kwa Kidawida, lugha ya Wataita, "Kwawuka mana?", mpaka akaacha kuitamka kama anayeita mbuzi.

Jumatano ilipofika, tangazo likatoka kwamba muda umeongezwa hadi Jumamosi. Walimu kote wilayani waliguna. Wakio aliingia chumba cha walimu, akashika simu, akarekodi ujumbe wa sauti kwa kundi la wazazi: "Wazazi, msilale! Yeyote ambaye mtoto wake bado, ateremke Voi Jumamosi, kwa Nzuki, nyuma ya soko. Hata mkifika mia, yeye hatawafukuza. Mwambieni ni mimi nimewatuma."

Mtu atauliza, je, hakukumbuka? Hakukumbuka. Wakio alikuwa na desturi ya kuweka mambo ya shule upande mmoja wa kichwa na mambo yake upande wa pili, na pande hizo mbili hazikuwa zikisalimiana. Ujumbe ule ulitoka kundi moja ukaingia lingine, ukafika Wundanyi, ukafika Taveta. Nzuki tu, ambaye hakuwa katika kundi lolote la wazazi, hakuusikia.

Jumamosi asubuhi Nzuki alipita sokoni akiwa na suti ya kijivu, viatu vinang'aa, na gari aliloazima kwa rafiki yake. Alitaka tu kuchukua zawadi ya blanketi aliyokuwa ameiacha saibani. Alipokunja kona, alikuta umati. Akina mama wameketi juu ya vibao, wazee wamejifunika makoti ya baridi ya milimani, vijana wamejaa hadi mlango wa kinyozi.

"Ndiye huyo!" mtu alipiga kelele. "Hata amevaa suti kutupokea!"

"Jamani, leo nimefunga. Nina safari."

"Safari gani? Mwalimu Wakio amesema hutatufukuza."

"Mwalimu Wakio yuko Werugha ananingoja!"

Mama mmoja alinyoosha simu yake, akafungulia ujumbe wa sauti. Nzuki alisimama juani akasikia sauti ya mpenzi wake ikimwahidi kwa watu: hata mkifika mia, yeye hatawafukuza. Alipiga simu ya Wakio. Ilikuwa imezimwa. Kwa Mzee Harrison, siku ya wageni, simu hazikuruhusiwa kulia ndani ya nyumba.

Angeweza kuondoka. Lakini mzee mmoja alikuwa ametoka Mahoo kabla ya jogoo kuwika, na mjukuu wake alikuwa na A tupu na hana chuo. Nzuki alijiambia atawashughulikia wachache waliotoka mbali, kisha apande Werugha. Alivua koti. Wachache wakazaa wengine. Mtandao ukawa unakuja na kuondoka kama mgonjwa wa malaria. Kila alipoinuka, mtu alimshika mkono: "Mwanangu, tumeambiwa na mwalimu."

Huko Werugha ukungu ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Wakio alikuwa amevaa gauni la kijani lenye mikono ya lesi na amesukwa nywele vizuri. Shangazi yake Susan alifunua sufuria, akaifunika, akaifunua tena.

"Nyama inakuwa kamba sasa," Susan alisema.

"Atakuja, Shangazi."

"Huyo atakuja kuosha vyombo."

Wazee walikula. Wakasema nyama ni tamu, na kwa adabu hawakusema lingine. Walipoondoka, Mzee Harrison alikunja kitambaa cha meza kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilikuambia," alisema, akaenda kukata nyasi za ng'ombe.

Wakio aliteremka hadi barabarani, akawasha simu. Ililia kabla hajaishika vizuri.

"Mwendwa, nisikilize..."

"Uko wapi?"

"Niko saiba. Watu..."

"Saiba! Wazee wa ukoo wangu wamekaa pale kama waliokuja matanga, na wewe uko saiba?"

"Ni wewe uliyewatuma, Wakio! Wamejaa hapa na sauti yako!"

"Usinisingizie. Kama uliogopa baba yangu ungesema."

"Niogope? Mimi nimevaa tai, niko na wino hadi masikioni..."

"Oa hizo kompyuta zako," Wakio alisema, akakata. Kisha akaifungia namba yake.

Alijua moyoni kuna jambo alilosema kuhusu Jumamosi, lakini hakutaka kulitazama. Mwenye hasira huwa na haraka ya kila kitu isipokuwa kufikiri. Nzuki naye hakumfuata. Alikuwa amejitolea mwili na suti, akaambiwa mwoga; mwanamume hawezi kumeza hayo kama uji.

Jumatatu mwalimu mkuu alimwita Wakio mbele ya wenzake. "Mwalimu, umetupandisha juu. Tazameni kazi ya mtu mmoja," akafungulia ule ujumbe kwa sauti ya juu. Walimu walipiga makofi. Wakio alisimama katikati ya makofi akiisikia sauti yake mwenyewe: hata mkifika mia. Mwambieni ni mimi nimewatuma. Alijiona mjinga kiasi kwamba hata kukaa alisahau.

Kengele ya mwisho haikumkuta shuleni. Alimkuta Nzuki saibani akifagia karatasi, shati lina doa la wino mfukoni. Suti ilikuwa imening'inia kwenye msumari, bega moja limechanika.

"Tumefunga," Nzuki alisema bila kuinua macho.

"Sikuja kuchagua chuo."

"Afadhali. Maana mtandao umekufa."

"Nzuki, ni mimi niliyekosa. Nilikutoa kwa watu kama jembe la kuazima, halafu nikakasirika kwamba uko shambani."

Ufagio ulisimama. "Hilo tu?"

"Unataka nipige magoti?"

"Nataka uniambie kama bado unanitaka. Hayo mengine ni ya wazee."

"Nakutaka, wewe mtu! Ningekuwa sikutaki ningekuja huku na jua hili? Nioe. Na siku sipangi tena. Panga wewe."

Nzuki aliweka ufagio ukutani. "Leo."

"Leo nini?"

"Twende kwa baba yako leo. Sasa."

"Na hilo shati? Wazee hawajaitwa, hakuna nyama, baba amesema nisitaje hata..."

"Umeanza kupanga, mama."

Wakio alifunga mdomo. Ilimuuma kama jino, lakini aliufunga.

Walimkuta Mzee Harrison nyuma ya nyumba akivutana na ndama aliyekataa kuingia zizini. Alimtazama binti yake, akatazama doa la wino kwenye shati la mgeni, akaelewa ni nani.

"Kwawuka mana, Mzee," Nzuki alisema.

"Hiyo ni salamu ya asubuhi. Sasa ni jioni. Na ulikuwa uje juzi."

"Baba," Wakio alisema, "kosa ni langu. Niliwatumia watu wa wilaya nzima kwake siku ile ile. Nilisahau."

"Ulisahau siku ya posa yako?"

"Nilisahau."

Mzee aliachia pumzi ndefu. "Nimesomesha mtu mpaka chuo kikuu." Akamgeukia Nzuki. "Na wewe ulishindwa kuwafungia mlango?"

"Nilishindwa, Mzee. Wengine walitoka mbali."

"Nikikupa binti yangu, utakuwa unashindwa kila mara?"

Wakio alishika nguzo ya zizi. Hapo ndipo yalipokuwa maisha yake yote, kwenye kinywa cha mtu ambaye hajui kusema uongo.

"Watu wakija na shida, Mzee, nitashindwa," Nzuki alisema. "Lakini huyu ndiye aliyekuja wa kwanza."

Ndama alirusha teke. Nzuki, aliyekulia Miasenyi kati ya mbuzi na ng'ombe, alimshika sikio na mkia, akamsukuma, naye akaingia zizini. Mzee hakumshukuru. Alifunga lango kwa kamba, polepole, fundo juu ya fundo.

"Watu wako watakuja lini, na hao mbuzi wenu wa mahari?"

Wakio alifungua mdomo. Akaufunga.

"Wakishavuna pojo, Mzee."

"Na wakichelewa?"

"Watachelewa, Mzee. Ni jamaa zangu."

Mzee Harrison alitaka kukasirika, uso wake ukajaribu, ukashindwa. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mwenye kilema akampenda hivyo hivyo.

"Nyinyi wawili mtaniua," alisema. Kisha akapaza sauti kuelekea jikoni: "Susan! Ongeza maji kwenye sufuria. Mkwe wangu hajala."